Mvinyo wa Dodoma, matunda ya Kalinzi: faida huanzia glasi ya sita

Mwezi wa Septemba unapoelekea ukingoni, masoko ya Kigoma hubadilika sura. Kiangazi kinakwisha, mvua za kwanza zinatazamiwa Oktoba, na wageni wanaokwenda kuwaona sokwe wa Gombe na Mahale bado wanapita mjini. Jioni upepo wa ziwa hupoza mwambao, na huko juu Kalinzi, kwenye barabara itokayo Mwandiga kwenda Manyovu, watu huvaa masweta. Ulaya majira haya ndiyo mwanzo wa majani kupukutika, na huko watu wana desturi ya kunywa mvinyo uliolowekwa matunda wakati wa jua kuzama.

Wenye mahoteli na baa wa Kigoma, Mwanga na Ujiji wana swali lao la siku zote: mteja asiyetaka bia wala soda auziwe nini jioni hizi? Jibu moja liko karibu. Mvinyo unatoka Dodoma kwa njia ileile ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na matunda yanateremka kutoka milimani kila siku ya soko. Kuchanganya vitu hivi viwili si kazi ngumu. Kupata faida ndiko kugumu, na wengi wanaojaribu hukosea hesabu mahali pamoja. Wiki hii ukurasa huu unaeleza kazi yenyewe kwanza, kisha hesabu yake.

NI KINYWAJI GANI?

Wahispania na Wareno hukiita sangria, jina litokanalo na neno la Kihispania la damu kwa sababu ya wekundu wake. Marekani kilipata umaarufu mkubwa baada ya kuuzwa katika banda la Hispania kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964. Ni mvinyo wa kawaida, mara nyingi mwekundu, unaolowekwa vipande vya matunda kwa saa kadhaa, ukatiwa utamu na viungo kidogo, kisha ukanywewa baridi siku hiyohiyo.

Msomaji asichanganye kinywaji hiki na pombe ya ndizi. Pombe ya ndizi, kama rubisi ya Bukoba au urwarwa ya Burundi, hupatikana kwa kuchachusha maji ya ndizi mpaka sukari yake igeuke kileo. Hapa hakuna kuchachusha. Kileo kimeshatengenezwa na kiwanda, na kazi yako ni kukiongezea ladha na kukipunguza ukali. Tofauti hiyo ni kubwa kibiashara. Anayechachusha anaongeza kileo, na anayeloweka anakigawa kilichopo katika glasi nyingi zaidi.

Kuhusu jina kuna jambo moja la kujua. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, sangria huweza kusimama peke yake kama jina la bidhaa pale tu kinywaji kinapotengenezwa Hispania au Ureno, na kileo chake kiwe kati ya asilimia 4.5 na chini ya asilimia 12. Sheria hiyo ni ya masoko yao, wala haimzuii mtu wa Kigoma kuandika kwenye ubao wake jina lo lote. Hata hivyo mgeni aliyesafiri mbali hafurahishwi sana na jina la kwao. Andika “mvinyo wa matunda ya Kalinzi”, na hakikisha matunda yenyewe yametoka Kalinzi kweli.

MVINYO

Mizabibu ya Dodoma ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki, na eneo la Bihawana linakumbukwa kwa kazi hiyo. Leo zabibu hulimwa pia Hombolo, Makutupora na vijiji vingi vinavyozunguka jiji hilo. Dodoma ina bahati ambayo nchi nyingi za mvinyo hazina: mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza yakiwa mwanzoni mwa mwaka na ya pili karibu na Agosti na Septemba.

Kwa kazi hii chagua mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na sukari. Mvinyo mtamu ukiutia matunda na maji ya ndizi utakuwa kama sharubati, na mteja hatarudia glasi ya pili. Usinunue wa bei ya juu, kwa kuwa ladha zake nyembamba zitafunikwa na nanasi na tangawizi. Lakini usinunue uliokwisha kuharibika ukidhani matunda yataficha. Mvinyo ulioanza kuwa siki hauponi. Tindikali ya machungwa huongeza uchungu wake badala ya kuupunguza.

Kutoka Dodoma hadi Kigoma kwa reli ni karibu kilometa 800, na joto la safari ndilo adui. Ukipokea katoni, tazama kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu, au chupa imevuja shingoni, mvinyo huo umepigwa joto. Ukishaupokea, uweke mahali penye giza na ubaridi. Kuupanga dirishani ili wateja wauone ni kuuharibu kwa mikono yako mwenyewe.

MATUNDA NA MAJI YA NDIZI

Kalinzi inajulikana kwa kahawa na ndizi. Matunda mengine huteremka kidogokidogo kutoka mashamba ya nyumbani, na hupangwa sokoni kwa mafungu. Kwa hiyo mwenye baa asiende na orodha isiyobadilika. Aangalie kilichopo siku hiyo, akifuata maelezo haya:

Nanasi ndilo tunda la kwanza. Nyama yake haivunjiki ndani ya mvinyo, na harufu yake hutoka upesi. Liwe limeiva mpaka kunukia kwenye kitako, lakini bado gumu. Toa macho yote na moyo wa katikati.

Chungwa na ndimu huleta uchachu unaokata utamu. Ganda lioshwe vizuri. Ukikata duara zenye ganda, zisikae ndani zaidi ya saa mbili, kwa kuwa sehemu nyeupe iliyo chini ya ganda hutoa uchungu.

Embe litumike likiwa limeanza kuiva tu. Lililoiva sana huyeyuka na kuacha nyuzi.

Pasheni ichujwe mbegu kwanza, kisha maji yake yatiwe.

Papai, parachichi na ndizi mbivu zisitiwe kabisa vipande. Papai hulainika likawa uji, parachichi lina mafuta, na kipande cha ndizi hugeuka rangi ya kahawia katika muda mfupi na kukifanya kinywaji kiwe na ukungu.

Lakini ndizi ina kazi nyingine, na hapa Kalinzi inaweza kuwazidi Wahispania. Watu wa nchi za maziwa makuu wanajua tangu zamani kukamua maji ya ndizi: ndizi za pombe huvundikwa mpaka ziive sawasawa, humenywa, kisha hukandwa pamoja na nyasi safi mpaka maji meupe yenye kung’aa yatoke na makapi yabaki kwenye nyasi. Kwa kawaida hatua inayofuata ni kutia mtama uliosagwa na kuacha yachachuke. Sisi tunaishia kabla ya hapo. Maji hayo yana sukari nyingi ya asili, na yakichukua nafasi ya sukari ya dukani hukipa kinywaji harufu isiyopatikana mahali pengine.

Sharti moja lizingatiwe. Maji ya ndizi huanza kuchachuka baada ya saa chache tu, kwa sababu chachu ya asili imo kwenye maganda, nyasi na mikono. Yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe mara yanapokamuliwa, yaachwe yakichemka dakika 10, kisha yapozwe yakiwa yamefunikwa. Asiye na maji ya ndizi ayeyushe gramu 60 za sukari, yaani vijiko vinne hivi vya mezani, katika mililita 300 za maji ya moto.

VYOMBO

Mvinyo una tindikali. Usiuweke kwenye sufuria ya alumini wala ndoo ya bati, kwa sababu tindikali hula chuma na kuacha ladha ya kutu. Tumia jagi la kioo, chombo cha chuma kisichoshika kutu, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Kigoma ni nchi ya mawese, na madumu yaliyobeba mawese huuzwa kila mahali kwa bei ndogo. Usiyatumie hata ukiyaosha mara kumi. Harufu ya mawese haitoki kwenye plastiki, na mvinyo huivuta yote.

Palipo na shida ya umeme, jagi lifunikwe na kitambaa kilicholowa na kuwekwa kivulini penye upepo, au lisimamishwe ndani ya mtungi mpana wa udongo wenye maji. Maji yakivukia kwenye kuta za mtungi huondoka na joto. Kwa mwenye baa wa Kalinzi kwenyewe kazi ni nyepesi zaidi. Joto la hewa hupungua kwa nyuzi kama 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na milima ile iko juu sana ya ziwa, ambalo lenyewe liko kiasi cha mita 770 kutoka usawa wa bahari.

KIPIMO CHA CHUPA MOJA

Mvinyo mwekundu mkavu, chupa 1 ya mililita 750.
Nanasi, nusu.
Machungwa 2: moja la kukamua, moja la kukata.
Ndimu 1 ya kukamua.
Maji ya ndizi yaliyochemshwa na kupoa, mililita 300.
Tangawizi, kipande cha kidole gumba, kilichopondwa.
Mdalasini, kijiti 1.

JINSI YA KUTENGENEZA

Saa 7 mchana, osha mikono, kisu, ubao na matunda. Kata nanasi vipande vidogo vya kuingia kinywani mara moja. Vitie kwenye jagi pamoja na tangawizi, mdalasini, maji ya ndizi, na maji ya chungwa moja na ya ndimu. Mimina juu yake glasi moja tu ya mvinyo, mililita 200 hivi. Funika, weka mahali pa baridi. Chupa iliyobaki izibe vizuri na kuiweka mahali pa baridi pia.

Katika saa hizo kuna kazi inayoendelea ndani ya jagi. Kileo huvuta harufu na rangi kutoka kwenye tunda kuliko maji matupu yanavyoweza. Tunda nalo hutoa maji yake na kunywa mvinyo. Ndiyo maana vipande viwe vidogo, kwa kuwa kipande kikubwa hubaki na ladha ya nanasi tu katikati. Saa nne hadi tano zinatosha. Zikizidi, nanasi huanza kunyauka na mdalasini hutawala.

Saa 12 jioni ondoa mdalasini na tangawizi. Ongeza duara za chungwa la pili. Kigoma iko magharibi ya mbali, na jua huzama karibu saa 1 usiku, baadaye kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo wateja wa jioni nao huchelewa. Usimimine mvinyo uliobaki mpaka meza ya kwanza iagize. Wakiagiza, changanya, koroga taratibu, onja, kisha gawa.

Chupa yenye kileo cha asilimia 12 ina mililita 90 za kileo chenyewe. Ukiigawanya katika mchanganyiko wenye kiasi cha mililita 1,200, unapata kinywaji cha asilimia 7 hadi 8. Ni kikali kuliko bia ya kawaida, ingawa utamu unakificha. Mhudumu awaambie wateja hivyo.

HESABU

Tuchukue mfano. Bei zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu, na kila mtu aweke bei za soko lake za siku hiyo.

Mvinyo, chupa 1: Sh. 12,000.
Nanasi, nusu: Sh. 1,000.
Machungwa 2: Sh. 600.
Ndimu 1: Sh. 100.
Maji ya ndizi: Sh. 500.
Tangawizi na mdalasini: Sh. 300.
Mkaa na usafi: Sh. 500.
Jumla: Sh. 15,000.

Kipimo hiki hutoa glasi 7 za mililita 200 pamoja na vipande vyake. Tuseme kila moja inauzwa Sh. 3,500. Zikiuzwa zote, mapato ni Sh. 24,500 na faida ghafi ni Sh. 9,500. Wengi huishia hapo na kufurahi.

Sasa linganisha na mwenzako anayeuza mvinyo uleule bila kuuchanganya. Chupa yake inatoa glasi 5 za mililita 150. Akiziuza kwa bei hiyohiyo anapata Sh. 17,500, faida ghafi Sh. 5,500. Kwa kutazama juu juu, mwenye matunda amemzidi kwa Sh. 4,000. Lakini hebu tuone inakuwaje usiku ambao wateja ni wachache.

Zikiuzwa glasi 4: mwenye mvinyo mtupu ana faida ya Sh. 2,000, mwenye matunda ana hasara ya Sh. 1,000.
Zikiuzwa glasi 5: mwenye mvinyo mtupu ana Sh. 5,500, mwenye matunda ana Sh. 2,500.
Zikiuzwa glasi 6: mwenye matunda ana Sh. 6,000, na hapo ndipo anampita mwenzake kwa mara ya kwanza.

Maana yake ni kwamba faida ya kuchanganya haipo mpaka glasi ya sita katika saba iuzwe, na iuzwe usiku huohuo. Mwenye mvinyo mtupu aliyebakiwa na glasi moja anaziba chupa na kuuza kesho. Mwenye mchanganyiko uliobaki hana cha kuuza kesho.

Hesabu hii inatoa somo la pili. Matunda yote pamoja na maji ya ndizi ni Sh. 2,200 katika Sh. 15,000, chini ya sehemu 15 katika kila 100. Mvinyo peke yake ni sehemu 80. Mtu anayenunua fungu la matunda yaliyopondeka ili apunguze gharama nusu anaokoa Sh. 1,100. Glasi mbili zisizouzwa kwa sababu ya ladha mbaya zinampotezea mapato ya Sh. 7,000, zaidi ya mara tatu ya gharama ya matunda yote. Kwa hiyo nunua tunda bora lililopo sokoni, na ubahili wako uuweke kwenye kiasi unachochanganya.

Ndiyo sababu tumeshauri mvinyo mwingi ubaki kwenye chupa mpaka wateja waagize. Ikiwa usiku umekuwa mbaya, umepoteza matunda na glasi moja ya mvinyo, na zilizobaki zinauzwa kama mvinyo wa kawaida. Baa ndogo ianze na nusu ya kipimo, Ijumaa na Jumamosi tu, na iandike kwenye daftari glasi ngapi zimeuzwa kabla ya saa 3 usiku. Baada ya wiki nne daftari litakuambia kama biashara ipo.

KILICHOBAKI KISIHIFADHIWE

Kuna wanaofikiri kwamba kileo huhifadhi matunda, hivyo jagi la jana linaweza kuuzwa leo. Kwa pombe kali fikra hiyo ina ukweli. Kwa asilimia 7 haina. Mvinyo uliokaa wazi hukutana na hewa, na vijidudu vya siki hugeuza kileo kuwa siki. Wakati huohuo sukari ya matunda hulisha chachu iliyobaki, na mchanganyiko huanza kuchachuka upya. Ukiutia kwenye chupa na kuziba, gesi hujaa ndani mpaka chupa ipasuke. Usizibe, usiuze wa kubeba, na usichanganye wa jana na wa leo.

Barafu nayo ni jambo la kutazamwa. Mwambao wa ziwa unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kilizuka Kagunga, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika pale wakisubiri meli. Mvinyo hausafishi barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, kwa kuwa kileo chake ni kidogo mno. Barafu isiyojulikana maji yake isiingie kwenye glasi. Poza jagi kwa nje.

SHERIA

Kuuza kinywaji hiki kunahitaji leseni ya vileo kama ilivyo kwa bia, chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Usiongeze gongo ili “kukipa nguvu”. Ni haramu kisheria, na pombe ya kienyeji iliyokerekwa vibaya inaweza kuwa na sumu inayopofusha na kuua. Pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku nchini Machi 2017, na mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 2019, hivyo asitokee mtu wa kukufundisha kufungasha mchanganyiko huu kwenye mifuko.

Anayetamani kuutia kwenye chupa na kuupeleka madukani ajue kwamba hiyo ni biashara nyingine. Itahitaji kiwanda, vipimo vya maabara na alama ya Shirika la Viwango. Njia hiyo ipo na imepitwa. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha, iliyoanza mwaka 1993, imejenga kiwanda kwa mvinyo wa ndizi. Lakini hao wanachachusha, wanachuja na kuzuia uchachukaji usirudi. Jagi la baa halifanyi hivyo.

Ujiji ni mji wa zamani wa Kiislamu, na katika meza moja mara nyingi wapo wasiotumia kileo. Watengenezee chao kwa matunda yaleyale na maji ya rozela badala ya mvinyo. Wekundu unafanana, uchachu unafanana, na gharama ni ndogo. Vyombo, kijiko na glasi viwe mbali kabisa tangu jikoni, na mhudumu aseme hivyo waziwazi. Hesabu yake nayo ni nzuri, kwa kuwa pasipo chupa ya Sh. 12,000 hasara ya kilichobaki ni ndogo mno.

KWA MKULIMA WA KALINZI

Tumalizie kwa mwenye shamba, maana habari za namna hii zikifika kijijini hukua njiani. Chupa moja hutumia nusu ya nanasi. Hoteli inayotengeneza chupa nne Ijumaa na nne Jumamosi inataka mananasi manne kwa wiki. Hata mahoteli kumi yakianza kesho, ni mananasi 40 kwa wiki na maji ya ndizi lita 24. Hayo hayatoshi kumfanya mtu ang’oe kahawa yake. Akija mtu kukuambia upande ekari nzima kwa ajili ya “soko la mvinyo”, mwombe kwanza majina ya wanunuzi na kiasi cha kila mmoja.

Faida ya mkulima iko kwingine. Mnunuzi huyu anahitaji tunda lisilopondeka, siku inayojulikana, kwa idadi inayojulikana. Hayo ndiyo mambo ambayo soko la mafungu halilipii, kwa kuwa mle nanasi zuri na baya huenda kwa bei moja. Chagua mananasi kumi bora kabla ya kujaza tenga, yapange juu ya majani, yasimame yasilaliane, na yafike hotelini asubuhi ya Ijumaa bila kupitia kwa mlanguzi. Kubalianeni bei ya nanasi moja moja, wala si ya fungu. Maji ya ndizi yachemshwe hotelini siku hiyohiyo, yasiachwe kwenye dumu juani Mwandiga.

Kwa wenye baa, tarehe ya kuanza ni sasa, kabla mvua hazijakaza na wageni hawajapungua. Anza na nusu ya kipimo, fungua daftari, na uhesabu mpaka glasi ya sita.